Goti la Kushoto la Mwalimu Klachi

Mtu aliyezoea kuamrisha hapendi kuambiwa "kaa". Mwalimu Klachi aliambiwa neno hilo na daktari, akaambiwa na muuguzi, akaambiwa na mkewe, na mwishowe akaambiwa na mjukuu wake, ambaye mwenyewe alikuwa bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Babu, kaa!"

Akakaa. Lakini alikaa kama maji yanavyokaa kwenye sufuria iliyo motoni.

Jina hilo la Klachi alipewa na wanafunzi wake wa udereva, kwa sababu ndilo neno walilolisikia zaidi kinywani mwake. "Klachi kwanza! Usiiachie kama unatupa kiatu kibovu! Polepole, ndugu yangu, gari halijakukosea kitu!" Gari lake la mafunzo lilikuwa na pedali za mwanafunzi, na mbele ya kiti cha mwalimu lilikuwa na pedali nyingine mbili, klachi na breki, ili mwanafunzi akiteleza mwalimu aokoe. Miaka yote hiyo miguu yake ndiyo iliyookoa kuku, baiskeli, nguzo za taa na heshima za watu. Madereva wengi wa malori mjini wamepita mikononi mwake, na wakikutana naye barabarani humpigia honi kwa adabu.

Goti lake nalo liliharibiwa na mtu mwenye adabu. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima mwenye kuomba radhi hata kwa mlango, alisimamisha gari kando ya barabara. Mwalimu akafungua mlango wake atazame kama tairi limepanda ukingo. Akatoa mguu wa kushoto, akaukanyagisha chini. Kabla hajautoa wa kulia, yule mama akaachia klachi, na gari lilikuwa bado kwenye gia. Gari likaruka mbele kama panzi. Mwili wa mwalimu ukaenda na gari, mguu wake ukabaki barabarani, na ndani ya goti kikalia kitu mfano wa karoti inayovunjwa.

"Samahani, mwalimu," akasema yule mama. "Nilidhani umeshateremka."

Picha za hospitali zilionyesha kuwa gegedu limechanika, yaani ule mto laini unaokaa kati ya mifupa ya goti ili isisagane. Daktari akalishona. Alipokuja kumtazama baada ya upasuaji alizungumza naye bila kuzunguka.

"Mzee, nimekushona, sikukukata. Nyuzi zenyewe ni nyembamba. Mguu huu usisukume kitu wala usibebe uzito mpaka niseme. Nyuzi zikiachia nitaingia tena, na safari hiyo sitakuwa na cha kushona. Nitaondoa kilichobaki, na kukanyaga klachi kutwa nzima utakusahau."

Alirudi nyumbani na magongo mawili, kifaa cha goti chenye vyuma pembeni na mikanda ya kubana, na sentensi hiyo ya mwisho.

Wa kwanza kuja kumpa pole alikuwa jirani yake kinyozi, ambaye naye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti mwaka uliopita. Alisimama mlangoni, akamtazama Mwalimu Klachi aliyelala kwenye kochi, mguu umeinuliwa juu ya mito, akacheka.

"Bado umelala? Mimi baada ya siku tatu nilikuwa dukani nanyoa watu!"

"Wewe ulikatwa," akasema Mwalimu. "Mimi nimeshonwa."

"Goti ni goti."

"Si goti ni goti! Wewe ulikwanyuliwa kipande kikatupwa. Changu kimeshonwa, kinangoja kushikana. Ni sawa na kung'oa jino na kuliziba. Ukiling'oa unakwenda zako."

"Mimi sikung'olewa jino."

"Nimetoa mfano, jirani!"

"Haya, haya, usipandishe presha." Kinyozi akaketi, akajimiminia chai bila kukaribishwa, kama ilivyokuwa kawaida yake. "Mimi nasema tu, mguu ukiulaza sana unasahau kazi. Samaki mkunje angali mbichi."

Kinyozi alipoondoka, mke wa Mwalimu alimkuta mumewe anafungua mikanda ya kifaa cha goti.

"Unafanya nini?"

"Najikuna."

"Unajikuna kwa kusimama?"

Akaketi. Mkewe akaifunga mikanda ile mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu ya mtu anayefunga mzigo juu ya gari. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Wewe guu limeshavunjika ndipo unakataa kusikia. Umepinduapindua methali nzima."

Mgeni aliyemtia hofu hasa alikuwa mwenye shule ya udereva. Alikuja na mfuko wa machungwa na sura ya kusikitika iliyokuwa imepigwa pasi. Aliuliza habari za goti, akasifu mapazia, kisha akasema alilolijia.

"Gari lako nimempa kijana mpya, kwa muda tu. Daktari akikuruhusu kukanyaga, kiti ni chako. Asipokuruhusu, usijali kabisa. Nitakuweka darasani ufundishe alama za barabarani."

"Ubaoni?"

"Ubaoni. Kuna kivuli, kuna feni."

Mwalimu Klachi alimshukuru. Mgeni alipotoka nje, alilitazama chungwa moja kwa muda mrefu kama vile ndilo lililosema maneno yale. Kuchora pembetatu kwa chaki, kumwambia kundi la watu wanaosinzia kwamba hii maana yake kuna kona mbele, na yeye mwenyewe asiifikie kona yoyote mpaka kustaafu! Tangu siku hiyo hakuifungua mikanda tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alifuata maagizo bila kuyajibu. Alifanya mazoezi yote ya kubana paja. Alikwenda chooni kwa magongo, mguu hewani, kama korongo.

Na bado goti lilivimba.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kliniki alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono myepesi na maneno machache. Mwalimu Klachi alikuwa amempa jina la Binti Kunja, kwa kuwa hakuwa na salamu nyingine. Kila Mwalimu alipofika, Binti Kunja alimkuta na goti lililojaa, lenye joto, linalong'aa kama mkate uliotoka tanuri.

"Baba, ulitembea bila magongo?"

"Sikutembea."

"Ulipanda ngazi?"

"Nyumba yangu haina ngazi."

"Ulisimama kwa mguu huu?"

"Binti yangu, nimeacha hata kuufikiria!"

Binti Kunja akamgeukia mkewe. Mkewe akainua mabega. "Nyumbani ametulia. Sitamsingizia. Jana jioni goti lilikuwa limenywea kabisa, nikasema leo tutapongezwa."

"Basi linavimba kati ya jana jioni na sasa hivi."

"Linavimba hapa," akasema Mwalimu Klachi. "Nakuja na goti zuri, unalikunja na kulikunjua, narudi na boga."

"Lakini leo sijaligusa, baba. Umekuja nalo limevimba."

Mtu anayekosa jibu haachi kukasirika. Hutafuta mahali pengine pa kuiweka hasira. Aliiweka kwa mkewe, garini, wakati wa kurudi.

Inafaa nieleze habari ya mkewe na udereva. Zamani Mwalimu Klachi alijaribu kumfundisha mwenyewe. Somo halikufika mbali. Katikati ya barabara mke alizima gari, akateremka, akamwachia mumewe funguo kwenye kiti na kurudi nyumbani kwa miguu. Baadaye alijifunza kimyakimya katika shule nyingine, akafaulu mara ya kwanza, akaitundika picha ya siku hiyo sebuleni, mahali ambapo mumewe hawezi kula bila kuiona. Aliendesha vizuri, kwa utaratibu, mikono miwili kwenye usukani. Tatizo ni kwamba sasa yeye ndiye aliyempeleka mumewe kliniki, na mumewe aliketi pembeni yake, kwenye kiti kilekile cha upande wa mwalimu, katika gari la nyumbani lisilo na pedali upande huo.

"Tuta," akasema Mwalimu.

"Nimeliona."

"Gia ya pili."

"Iko ya pili."

"Hiyo ni ya pili? Mbona injini inalia?"

"Inalia kwa sababu na yenyewe imekuchoka."

"Pikipiki kulia! Klachi! Kla... haya, imepita."

"Baba watoto, nikikuacha hapa utatambaa mpaka nyumbani?"

Ikawa hivyo, kwenda na kurudi, kila siku ya kliniki. Wakajaribu teksi. Dereva wa teksi alikuwa mmoja wa wale wanaoendesha kwa kidole kimoja, na Mwalimu Klachi alifika kliniki ametota jasho, goti likiwa limevimba kupita siku zote. Daktari akaitwa. Aliliminya goti, akakunja uso, akasema kwamba hali ikiendelea hivi itabidi apige picha tena, na kama mshono umeachia wajiandae kurudi chumba cha upasuaji. Alipotoka, Mwalimu Klachi alibaki ameketi kitandani, anatazama ukutani. Ukuta ulikuwa mweusi kidogo pale watu wanapoegemea vichwa. Akauona ubao.

"Kliniki nzima hii," akasema kwa sauti ndogo, "na hakuna anayeniamini kwamba sijafanya kitu."

"Labda ni namna unavyoingia garini," akasema Binti Kunja. "Pengine unalisokota goti unapoingia. Leo nitatoka nanyi nikutazame."

Walikuwa wamekuja kwa teksi, lakini binti yao, mama wa yule mjukuu, alikuwa amewaletea gari la nyumbani warudi nalo. Mwalimu Klachi akageuza mgongo, akaketi kwanza, akaiingiza miguu yote miwili pamoja kama alivyofundishwa. Hakusokota chochote. Binti Kunja, aliyekuwa amechutama kwenye mlango uliokuwa wazi, akatikisa kichwa. Hapo halikuwapo kosa.

Mkewe, aliyechoka kungoja, akawasha gari.

Mguu wa kushoto wa Mwalimu Klachi ukaruka, ukakanyaga sakafu ya gari kwa nguvu, ukabaki umeganda hapo, paja limekaza mpaka suruali ikatetemeka.

Binti Kunja akatazama mguu. Akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa anatazama mbele barabarani kwa utulivu wa mtu asiye na habari.

"Mama," akasema polepole, "hebu zima."

Gari likazimwa. Mguu ukalegea.

"Washa."

Mguu ukakanyaga.

"Tia gia."

Mguu ukakanyaga zaidi, mpaka zulia dogo la sakafuni likasogea.

"Baba," akasema Binti Kunja, "unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Mguu wako unafanya nini?"

Mwalimu Klachi akainama, akauona mguu wake mahali ulipokuwa, akashangaa kama mtu aliyemkuta mgeni asiyemjua chumbani mwake.

Mkewe alikuwa ameshaelewa. Alizima gari, akalaza paji la uso juu ya usukani, mabega yakaanza kutikisika. Mumewe alidhani analia. "Wiki zote hizi," akasema mkewe alipopata pumzi, machozi yanamtoka kwa kicheko na kwa hasira, hata yeye hakujua kipi kilitangulia, "wiki zote hizi nimekubebea magongo, nimekukandia barafu, nimekuogesha kama mtoto, kumbe unanikanyagia klachi isiyokuwepo!"

"Ulikuwa unachelewa kuikanyaga," akasema Mwalimu Klachi.

Hilo halikumsaidia.

Basi dawa ikawa moja: mguu utulie. Ni rahisi kusema. Mazoea yana tabu, nayo mazoea ya miaka mingi hayaondolewi kwa kukemewa na mtaalamu kijana. Walimketisha kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Akawa anausukuma mlango kwa unyayo kila mkewe alipopunguza mwendo. Walimwambia afumbe macho. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu aliisikiliza injini na kukanyaga kwa masikio. Mkewe akamfunga mguu kwa kanga mbili kwenye kiti. Walipofika, kanga moja ilikuwa imechanika.

"Ile ilikuwa mpya," akasema mkewe. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, na mumewe aliogopa kuliko siku zote.

Kinyozi, alipopata habari, alicheka mpaka akaweka kikombe chini, jambo lisilo la kawaida yake. "Wewe hukushonwa vibaya, jirani," akasema. "Umepandwa na pepo wa gari."

"Nenda kanyoe watu."

Aliyeleta suluhisho hakukusudia kulileta. Mjukuu alikuwa na bata wa mpira, wa manjano, aina ile inayopiga kelele ikibanwa. Alimwacha bata huyo sakafuni mwa gari alipopelekwa dukani. Asubuhi ya kliniki, Mwalimu akiwa amerudishwa kiti cha mbele, mkewe aliwasha gari, mguu ukakanyaga, na chini ya kiatu kukatoka sauti kali, ndefu, ya dhiki, mfano wa mtu anayeminywa mlangoni.

Mwalimu Klachi akauinua mguu kwa mshtuko. Mkewe akamtazama bata. Kisha akamtazama mumewe, na uso wake ukang'aa.

"Mwache hapohapo."

"Mama watoto, mimi ni mtu mzima."

"Mwache. Weka mguu juu yake, usimbane. Leo mimi ndiye mwalimu, huo ndio mtihani wako. Bata akilia, umefeli."

Siku hiyo alifeli kwenye kila kona. Bata alilia getini, alilia kwenye tuta, alilia sokoni mpaka watu wakainama kutazama chini ya gari. Kila alipolia mkewe alisema, "Umefeli," kwa sauti ileile kavu ambayo mumewe aliitumia kwa vizazi vya madereva, na hapo ndipo Mwalimu Klachi alipojua jinsi neno lile linavyochoma. Safari iliyofuata bata alilia kidogo zaidi ya nusu ya njia. Iliyofuata, alilia kwa pikipiki tu. Mwalimu alijishika mapaja kwa mikono yote miwili, akauma midomo, akawa anatoka jasho kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nyumbani mjukuu alimdai bata wake kila jioni, akimpokea kwa malalamiko: "Babu, umemtia mchanga!"

Ikafika siku ya daktari kuamua. Kama goti limejaa, picha tena, na pengine kisu tena. Kama limetulia, ruhusa. Asubuhi hiyo mwenye shule alipiga simu kuuliza, kwa upole uleule wa pasi, kama amwandalie chaki.

Waliondoka. Getini, bata kimya. Kwenye tuta, kimya. Sokoni mwanamume mwenye mkokoteni akajitupa barabarani bila kutazama. Mkewe akafunga breki, magari ya nyuma yakalia, bata kimya. Mwalimu Klachi alikuwa anatazama mbele, kidevu kinatetemeka, lakini mguu ulilala juu ya bata kama jani. Wala hakusema neno. Hakusema tuta, hakusema gia, hakusema pikipiki.

Mkewe alianza kuhangaika. Alizoea kuendesha huku akigombana. Ugomvi ulikuwa kama injini ya pili. Sasa alikuwa ametega sikio moja kwa bata na jingine kwa mume, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Walipofika kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, katikati kabisa ya magari, aliachia klachi ghafla. Gari likaruka, likazima.

Honi zikaanza nyuma yao. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akasema jambo kuhusu wanawake na jikoni.

"Umenyamaza nini?" mkewe akamfokea mumewe. "Sema kitu basi! Umenikalia kimya kama jiwe, nitaendeshaje?"

Kila mshipa wa mguu ule wa kushoto ulikuwa unaitaka ile sakafu. Mwalimu Klachi aliyafumba macho, akayafumbua. Bata hakulia.

"Washa tu," akasema. "Hakuna haraka. Wao wasubiri."

Mkewe akamtazama kana kwamba amekosea mume. Katika miaka yote ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyasikia maneno hayo kutoka kinywa kile. Akawasha, akaachia klachi polepole, wakatoka mzungukoni.

Daktari aliliminya goti juu, akaliminya pembeni, akalikunja, akalinyoosha. Binti Kunja alisimama karibu, mikono kifuani. Goti lilikuwa jembamba, baridi, limejikunja kama goti la mtu yeyote.

"Mshono umeshika," akasema daktari. "Anza kazi kidogokidogo. Wanafunzi wachache kwanza, na mwisho wa siku uweke barafu." Akainua kichwa. "Mmefanyaje?"

"Amefaulu mtihani," akasema mkewe, na zaidi ya hapo hakueleza.

Nje, Mwalimu Klachi alimpigia simu mwenye shule yeye mwenyewe. Alimwambia kijana mpya atoe vitu vyake kwenye gari, na kile kiti kisisogezwe, kwa sababu kilikuwa kimekaa sawasawa. Kisha aliingia garini, mguu baada ya mguu, akaketi kama bwana harusi. Bata alikuwa amebingirika akaenda upande wa kulia wa sakafu, na hakuna aliyeona haja ya kumwokota tena.

Wakaondoka. Mkewe alikuwa anaimba kidogo. Karibu na sokoni pikipiki ikachomoza kutoka uchochoroni bila honi. Mkewe akafunga breki, gari likasimama vizuri kabisa, na wakati huohuo chini kukatoka ile sauti kali, ndefu, ya dhiki.

Mkewe akamgeukia taratibu.

"Huo ni mguu wa kulia," akasema Mwalimu Klachi. "Nimekanyaga breki. Mguu wa kulia haukushonwa."

"Endelea," akasema mkewe, akitia gia. "Huo nitaushona mimi mwenyewe, tena kwa sindano ya magunia."